Wageni wa Sabato Katika Nyumba ya Mzungu

Walisema sitafika Krismasi. Wengine walisema nitauza suti zangu mbili kwanza, kisha saa, kisha nitazunguka kuomba nauli ya kurudi Uarabuni nikatandike vitanda. Mmoja wao, ambaye siku hizi akiniona huinuka kunipisha kiti, alisema mbele ya duka la unga huku watu wakicheka: "Huyo na diploma yake! Nyumba ya mzungu imewashinda popo, ataiweza yeye?"

Sina kinyongo. Nayaandika haya nikiwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba hiyo hiyo, chai ya maziwa mkononi, na popo walihama wenyewe.

Nyumba iko upande wetu wa Nyamira, huku juu ambako zamani kulikuwa na mashamba ya walowezi. Ni ya mawe ya kuchongwa, ina mabomba mawili ya moshi, meko ndani ya ukuta, na sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Mlowezi alipoondoka, shamba lake likagawiwa watu, nao babu zetu wakapata vipande vyao. Nyumba na msitu unaoizunguka havikugawika, vikabaki mali ya familia kumi na mbili. Nyumba ikawa ghala la pareto, ikawa shule ya chekechea, mwishowe ikawa ya popo. Msitu ulibaki vile vile: misaipresi aliyoipanda mzungu kwa mistari, na chini kabisa, kando ya kijito, msitu wa asili ambao hata yeye hakuugusa.

Nilipokuwa mdogo nilitumwa kuni pale. Siku moja nilichungulia dirishani nikaona yale meko ya ukutani, nikajiuliza ni watu gani hao wanaowasha moto ndani ya ukuta na nyumba isiungue. Nilichelewa kurudi na kuni, nikachapwa. Lakini nilishaingiwa na jambo kichwani.

Nilisomea diploma ya mambo ya hoteli mjini Kisii. Mama aliuza ndizi na chai ya majani mabichi hadi nikamaliza. Uarabuni nilianza na kufagia ngazi, na nilipoondoka baada ya miaka tisa nilikuwa msimamizi wa ghorofa nzima, vyumba sitini, na hakuna shuka lililoingia kitandani bila jicho langu. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu waliokuwa wakinicheka hawawezi kutandika hata kitanda chao.

Nilirudi nikakuta msitu umeshapigwa alama za rangi nyekundu. Mwenyekiti wa zile familia, mzee mrefu ambaye pia ni mzee wa kanisa letu la Wasabato, aliniambia bila kuzunguka.

"Mwenye kununua mbao amekuja, amepima. Nyumba tutabomoa tuuze mawe."

"Nipeni mimi, mzee. Nitaleta wageni walipe kuiona."

"Kuona nini?"

"Nyumba. Miti."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna wanaolipa kuona mvua. Lakini kikao kilikaa, mama akasimama akanisemea, na mwishowe wakakata shauri: mwenye mbao angerudi Jumapili ya kwanza ya Desemba. Kama kufikia siku hiyo nitakuwa nimeleta wageni wakalipa, watazungumza upya. Kama sivyo, msumeno wa injini unaingia asubuhi hiyo hiyo.

Basi nikaanza. Nilikwangua kinyesi cha popo kwa jembe. Niliziba paa. Nilisugua sakafu siku nne nikiwa nimepiga magoti. Shida ikawa kwamba nyumba ilikuwa mifupa mitupu. Mzungu alipoondoka, kila boma lilibeba lake, na hakuna aliyeliita wizi, kwa sababu aliacha milango wazi akaenda. Mlango wa mbele, wa mbao nzito wenye kitasa cha shaba, ulikuwa kwa mwenyekiti, umefunga ghala lake la mahindi. Kengele iliyowaita watu mezani ilikuwa imening'inia nje ya kanisa, inatuita ibadani. Na beseni kubwa la chuma la kuogea, lenye miguu minne iliyokunjwa kama ya paka, lilikuwa kwa bibi mmoja mjane mwenye boma chini ya kilima. Sote tunamwita Magokoro, yaani nyanya. Ng'ombe wake alinyweshwa humo.

Nilimwendea Magokoro na noti mkononi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

"Za nini hizi?"

"Za kukodi beseni, Magokoro. Siku mbili tatu tu."

"Ulipozaliwa nilimkodisha mama yako mikono yangu?" Alinirudishia noti zangu zikiwa zimekunjwa kama takataka. "Uko Arabuni bado. Beseni chukua. Deni utalipa kwa mkono."

Hivyo ndivyo kwetu. Tuna risaga, majirani wanaosaidiana kwa zamu: leo mnalima kwangu, kesho tunalima kwako, na siku ya mtu hulipwa kwa siku. Nilikuwa nimesahau. Nilizunguka maboma kumi na moja, na kila mmoja aliyenipa kiti, rafu, kinara au nusu siku ya kubeba mawe, nilimwahidi mkono wangu. Mwenyekiti mwenyewe alikubali kutoa mlango. "Lakini mahindi yangu yakiliwa na panya," alisema, "nitakuletea panya uwapikie hotelini."

Wageni niliwapata Kisii, kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa. Familia yake imekuwa na duka hilo tangu enzi za baba yake. Nilikwenda kutafuta kitambaa cha mapazia, tukapatana akanipa majora mawili kwanza.

"Malipo yangu haya hapa," alisema. "Niletee watu wangu huko msituni. Mama yangu ameishi Kisii tangu aolewe, na msitu anauona kwenye kalenda ya ukutani."

"Mzee, mtakuja na mtalipa kiingilio kama watu wengine," nikamwambia. "Kitambaa nitakilipa kivyake. Hii ni biashara."

Akacheka hadi miwani ikashuka. Tukakubaliana: watu ishirini na wawili wa ukoo wake, basi la kukodi, wiki ile ya mwisho kabla ya mwenye mbao kurudi. Nikaandika tangazo kwa mwandiko wangu mzuri, tukalibandika dukani: nyumba kamili kama ilivyokuwa, mlango wake, beseni lake, na chakula kwa mlio wa kengele yake.

Alhamisi ya wiki hiyo mama alikuwa jikoni akichambua saga, mboga yetu chungu, nami nikimhesabia sahani.

"Na wageni wanakuja siku gani hasa?"

"Jumamosi."

Mikono yake ikasimama. "Jumamosi ipi?"

"Hii, mama. Kesho kutwa."

"Sabato?"

Niliiweka sahani chini. Miaka tisa nilikuwa nimepumzika Ijumaa, kwa sababu kule ndiyo siku ya mapumziko, na Jumamosi ilikuwa kwangu siku ya kuanza kazi kwa viatu vilivyopigwa rangi. Mimi, mtoto wa shemasi, niliyekariri amri zote kumi kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nilikuwa nimeita wageni siku ambayo kilima chetu chote hakipiki, hakiuzi, hakibebi, hakigongi msumari.

"Baba," mama akaniambia taratibu, jinsi anavyoniita akinihurumia, "hiyo diploma yako haikuwa na kalenda?"

Nilipiga simu Kisii. Basi lilikuwa limeshalipiwa, na jamaa wengine walikuwa njiani kutoka Kisumu. Siku nyingine haikuwepo, na Jumapili ilikuwa ya mwenye mbao.

Nilimwendea mwenyekiti. Alisikiliza amefumba macho.

"Kengele haitoki kanisani Sabato," alisema. "Mtu wa kukupikia hakuna. Wa kukubebea hakuna."

"Na Ijumaa, mzee?"

Akafumbua jicho moja. "Ijumaa ni siku ya maandalio. Hadi jua lizame."

Sijaona Ijumaa kama ile. Saa sita mchana risaga ikapanda kilima. Wanaume sita walibeba beseni la Magokoro kichwa chini, kwa hiyo kutoka mbali ulidhani ni mnyama mweupe mwenye miguu ya watu. Magokoro alifuata nyuma na fimbo akiwatukana. "Polepole! Mkilipasua mtanyweshea ng'ombe kwenye kofia zenu!" Ng'ombe naye alifuata, kwa kuwa maji yake yanaondoka. Akina mama walipika kwangu jikoni, ndizi, viazi vitamu, maharagwe, saga iliyolazwa kwa maziwa, bila nyama, maana wageni wetu hawali nyama. Mama alifunga masufuria kwa majani ya mgomba na blanketi, akayazika ndani ya masanduku ya nyasi kavu ili yashinde na moto wake hadi kesho.

Mlango ndio ulikuja wa mwisho. Jua lilikuwa limeshagusa vilele vya misaipresi. Mlango ule una bawaba tatu, na mbao zake ni nzito kama deni la mahari. Mimi nilishika bisibisi, wanne wakashika mlango, mwenyekiti akasimama ukingoni mwa baraza akitazama magharibi kama mwamuzi wa mechi.

"Vidole viwili," alisema, akipima jua kwa mkono ulionyooka.

Bawaba ya juu ikakaa. Nikahamia ya kati.

"Kidole kimoja."

"Mzee, kidole chako au changu?"

"Changu. Ni chembamba."

Ya kati ikakaa. Nikachukua skrubu ya kwanza ya bawaba ya chini, nikaiweka tunduni.

"Basi!" mwenyekiti akasema. "Weka chini."

"Skrubu tatu tu, mzee!"

"Weka chini, mwanangu. Sabato njema."

Na watu wote, hata waliokuwa wakikohoa kwa vumbi, wakaitikia, "Sabato njema," wakafuta mikono, wakateremka. Mlango ukabaki na bawaba mbili. Uliinama kidogo, ukakataa kufunguka mpaka uuinue kwa mikono miwili kama unavyomwinua mtoto mzito.

Asubuhi kilima kizima kilikwenda kanisani. Nilibaki peke yangu kwenye baraza, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Basi likafika saa nne. Nakuambia niliwapokea wale watu kama wafalme. Kila mara wageni walipotaka kupita, niliinua mlango kwa mikono miwili, nikarudi nyuma hatua tatu nao, nikainamisha kichwa. Waliona ni desturi ya nyumba. Mama mzazi wa mwenye duka, bibi mdogo mwembamba mwenye sari ya bluu na sweta juu yake, alisimama akanipigia makofi. Nikarudia.

Niliwaonyesha meko, nikawaeleza habari ya kuni zangu na kiboko. Niliwaonyesha beseni, nikawaambia kweli yote: kwamba mzungu alioga humo, na baada yake ng'ombe wa Magokoro alinywea humo muda mrefu kuliko mzungu alivyooga. Walilizunguka wakipiga picha. Hakuna aliyeuliza habari za mzungu tena. Wote waliuliza habari za ng'ombe.

Lakini nilianza kuitazama saa yangu. Saa sita na nusu, saa ya chakula, ilikuwa inakaribia, na tangazo langu lilikuwa limeahidi kengele.

"Sasa kengele iko wapi?" mwenye duka akauliza, akitazama ndoano tupu pale barazani.

Niligeuka kuelekea upande wa kanisa. Ng'ambo ya bonde, ibada ikawa imekwisha. Kengele ikalia. Ilivuka mashamba ya chai, ikapita juu ya msitu, ikatufikia safi kabisa.

"Ile pale," nikasema. "Karibuni mezani."

Hadi leo ukoo ule unaamini nilipanga hivyo. Sijawasahihisha.

Chakula kilitoka kwenye nyasi kikifuka moshi. Baada ya kula tukashuka msituni. Misaipresi inasimama kwa mistari, na ukitembea kati yake sauti ya miguu inapotea kwa majani makavu. Chini, kijitoni, miti ya omotembe ilikuwa imetoa maua mekundu bila jani hata moja, tumbili wakaja kututazama, na ndege mkubwa wa kijani akaruka akafunua mabawa, na ndani yalikuwa mekundu kama moto. Wageni walipiga kelele. Nami nilipiga, ingawa namjua ndege huyo tangu utoto.

Ndipo tukasikia wimbo. Wasabato wetu mchana wa Sabato hutoka kutembea, kutazama alichoumba Mungu. Kwa kawaida huenda hadi shuleni na kurudi. Siku hiyo waliingia msituni, wote, nguo nyeupe, kwaya mbele. Hawakuja kufanya kazi. Walikuja kutembea.

Mwenyekiti alikuwa na tai, na kwa mara ya kwanza nilimwona katika msitu ule bila utepe wa kupimia. Magokoro alimkuta mwenye duka kando ya kijito, akamtupia salamu ya Kigusii ili kumjaribu. Mwenye duka akajibu kwa Kigusii kilekile, akamuuliza habari za ng'ombe, migomba na wajukuu, hadi Magokoro akamshika mkono.

"Huyu ni wetu," akatutangazia. "Amechelewa kuja nyumbani tu."

Mwenyekiti akasogea. "Mzee mwenzangu, samahani nikuulize. Umetoka Kisii, umelipia basi, kuja kutazama miti?"

"Miaka arobaini nauza vitambaa vya kijani," mwenye duka akamjibu. "Nilidhani rangi zote za kijani ninazo. Leo naona ziko zenye sijawahi kuagiza."

Mwenyekiti alitazama juu. Alitazama muda mrefu, hadi kofia ikamdondoka nyuma.

Jioni, kabla ya kupanda basi, mwenye duka akatoa bahasha ya kiingilio akaninyooshea. Mama alikuwa pale. Mwenyekiti alikuwa pale. Jua lilikuwa bado juu. Bahasha ile ndiyo ilikuwa msitu, ndiyo ilikuwa nyumba, na mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe. Niliuweka nyuma ya mgongo.

"Leo hatuuzi, mzee. Mlikuja nyumbani. Siku nyingine."

Basi likaondoka. Mwenyekiti alinisogelea, sauti ya chini. "Unajua masharti yalisema walipe."

"Najua."

"Na mimi siwezi kukuambia ungepokea."

"Najua, mzee."

"Umenifunga mikono, wewe," alisema, akaenda zake.

Jumapili saa tatu mwenye mbao akafika na vijana wake na misumeno miwili. Familia zote kumi na mbili zilikuwa zimekaa barazani. Mwenyekiti alikuwa anasema polepole kuliko kawaida, anauliza habari za barabara, za bei, za mvua. Nilielewa anavuta muda, nikampenda siku hiyo kama baba. Lakini maswali yakamwishia. Akajikuna kidevu, akasema, "Basi, kwa kuwa hakuna aliyelipa..."

Pikapu ya duka la vitambaa ikapiga honi langoni.

Mwenye duka alishuka na bahasha. "Umesema siku nyingine," akaniambia mbele ya wote. "Leo ni siku nyingine, ama?" Kisha akatoa karatasi: shemeji zake wa Kisumu wanataka mwezi ujao, na walimu wawili wateja wake wa Suneka wanaulizia kama shule inaweza kuja. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya gari, sweta lile lile, akinionyesha kwa mikono miwili namna ya kuinua mlango.

Mwenyekiti alimpa mwenye mbao mkono. "Umesikia mwenyewe. Kunywa chai kwanza, ndipo uende." Na mwenye mbao, nakiri alikuwa mwungwana, alikunywa chai, akazunguka msitu, akalipa kiingilio.

Sasa ile ahadi ya mkono. Sikumtuma mtu, nililipa mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, kati ya wageni na wageni. Nilichuma chai kwa mwenyekiti, na wake za wanawe walikaribia kuanguka kwa kicheko. "Tazameni! Anachuma kama anatandika kitanda!" Kweli nilikuwa nachuma jani moja moja nikilinyoosha. Lakini kikapu changu hakikuwa na jani baya hata moja, hilo waliliandika moyoni. Ghala lake nililitengenezea mlango mpya. Kwa mwenye rafu nililima, kwa mwenye viti nilikata nyasi, na duka la vitambaa nililimalizia deni la majora yake. Kanisa tu sikulidai wala halikunidai, maana kengele haikuondoka kamwe, na ndiyo ilifanya kazi kuliko vyote.

Wa mwisho alikuwa Magokoro. Nilimjengea hori la mawe na saruji kwa mikono yangu, kingo laini, na kitundu cha kumwagia maji machafu. Majirani wote niliokwisha kuwalipa walikuja kushuhudia. Nikajaza maji safi ya kijitoni. Ng'ombe akaja, akanusa, akageuza kichwa kuelekea kilimani, kule liliko beseni.

"Hajakubali," Magokoro akasema. "Deni bado."

"Magokoro, nimejenga kama ulivyosema!"

"Aliyekukopesha ni yeye. Mimi ni msemaji wake tu."

Yule aliyesema juu yangu na popo alianza kucheka. Nilivua koti. Nilikwenda jikoni kwa Magokoro nikachota konzi ya magadi, maana ng'ombe hupenda chumvi yake, nikaimwaga horini, nikaikoroga kwa mkono hadi kiwiko. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu, nikainamisha kichwa, jinsi ninavyowapokea wageni wangu.

Ng'ombe alinitazama. Akanusa tena. Akashusha mdomo majini, akanywa, na akaendelea kunywa hadi tukaona sakafu ya hori.

"Haya," Magokoro akasema, akiniinulia koti langu kutoka majanini. "Sasa hudaiwi na mtu."